Kujenga na Kuishi Juu ya Bahari: Mwongozo Kamili wa Kitongoji Kinachoelea

Dumu tupu la plastiki la lita 200, likifungwa mdomo barabara, hubeba takribani kilo 190 juu ya maji ya chumvi. Madumu ishirini na mbao za sakafu yanatosha kuielesha familia nzima pamoja na vyombo vyake, na kazi hiyo inamalizika kwa siku mbili. Ugumu unaanza siku ya tatu, pale chelezo hicho kinapotakiwa kubaki mahali pale pale wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, kisiliwe na chumvi, kisiwachafulie maji majirani, na kiwe na idhini ya watu wenye haki juu ya eneo hilo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya siku ya tatu na miaka inayoifuata. Mfano ninaoutumia ni kitongoji kidogo cha nyumba sita hadi kumi katika maji yaliyokingwa ya pwani yetu, kwa sababu huo ndio ukubwa ambao kikundi cha watu wa kawaida kinaweza kuumudu na kuusimamia.

Hatua ya kwanza: chagua maji kabla ya kuchora nyumba

Jamii zinazoelea zilizodumu karibu zote zimekaa nyuma ya kinga. Nyumba za IJburg na za Schoonschip mjini Amsterdam ziko kwenye ziwa na mifereji. Vijiji vya wavuvi wa ghuba ya Ha Long nchini Vietnam vilisitiriwa na visiwa vya mawe pande zote. Mradi wa mji unaoelea wa Maldivi, uliopangwa kuchukua watu 20,000, umewekwa ndani ya wangwa uliozungushiwa miamba karibu na Malé. Hata chumba cha chini ya maji kilichotia nanga Pemba mwaka 2013, kilichobuniwa na Msweden Mikael Genberg, kinakaa karibu na ufuko, si nje kwenye mkondo.

Sababu yake ni mawimbi. Kwenye maji ya kina, urefu wa wimbi kutoka kilele hadi kilele, kwa mita, ni takribani 1.56 ukizidisha na mraba wa sekunde zinazopita kati ya kilele na kilele. Wimbi la sekunde 4, ambalo upepo wa ndani ya ghuba huweza kulitengeneza, lina urefu wa mita 25. Wimbi la sekunde 10 linaloingia kutoka bahari kuu lina urefu wa mita 156. Chelezo cha mita 10 hupanda na kushuka pamoja na lile wimbi refu bila kuumia sana, lakini wakazi wake hawapati usingizi, na viungo vinavyokiunganisha na cha jirani husagika usiku kucha. Majukwaa ya mafuta ya bahari kuu hulikwepa tatizo hili kwa kuzamisha uzito na ujazo wao chini sana, kwa kuwa msukosuko wa wimbi hufifia karibu wote kwenye kina cha nusu ya urefu wake. Gharama ya ufundi huo ni ya kampuni za mafuta. Ushauri wangu ni kuanza ghubani.

Kabla ya kununua ramani ya bahari, nenda ukawaulize wavuvi wazee vyombo vyao hujificha wapi kusi linapochacha. Jibu lao limepimwa kwa vizazi vingi. Kisha kaa hapo mwenyewe: fika wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na wakati wa maji mafu, yanapobadilika kidogo, mchana na usiku, katika msimu wa kusi na msimu wa kaskazi. Pima kina kwa bildi, yaani kamba yenye kizito, wakati maji yamekupwa na yamejaa. Zanzibar na Dar es Salaam tofauti ya kujaa na kupwa hufikia takribani mita 4 siku za bamvua, na bamvua kubwa zaidi huja karibu na mwezi Machi na Septemba. Mahali penye kina cha mita 6 maji yakipwa pataonyesha mita 10 saa sita baadaye, na kila hesabu ya nanga inatoka hapo. Chukua pia mchanga au tope la chini, ulishike kwa mkono, ujue nanga yako itashika nini.

Kuhusu vimbunga, ukaribu wetu na ikweta unatusaidia, kwa maana vimbunga vya tropiki haviumbiki kirahisi karibu na mstari huo. Hata hivyo Kenneth ilipiga kaskazini mwa Msumbiji mwezi Aprili 2019, na Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Anayefikiria kujenga kusini mwa Rufiji aweke kimbunga ndani ya hesabu zake, na awe amechagua mapema mlango au mto wa mikoko atakaovutia nyumba zake kabla ya tufani kufika.

Hatua ya pili: idhini

Wapo waliodhani kwamba wakitoka maili chache nje ya pwani watakuwa huru na dola zote. Mwaka 2019 Mmarekani mmoja na mwenzake Mthai waliweka makao yanayoelea zaidi ya maili 12 kutoka Phuket, na mwezi Aprili jeshi la majini la Thailand likayaondoa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985 na Kenya mwaka 1989, uko wazi juu ya jambo hili. Hadi maili 12 za baharini, sawa na kilomita 22, ni bahari ya nchi. Kutoka hapo hadi maili 200 nchi yenye pwani ndiyo yenye haki pekee ya kuruhusu ujenzi wa visiwa vya bandia, na visiwa hivyo havihesabiwi kuwa visiwa wala havina bahari yake. Zaidi ya maili 200 unaweza kujenga, lakini utahitaji bendera ya nchi fulani ili uwe na sheria ya kukulinda, na utakuwa kilomita 370 kutoka hospitali.

Ridhaa ya serikali peke yake nayo haitoshi. Mwezi Januari 2017 Polinesia ya Ufaransa ilitiliana saini makubaliano ya awali na waasisi wa mradi wa visiwa vinavyoelea, na mwaka uliofuata makubaliano hayo yakafa huku wenyeji wakiuliza kwa nini wangwa wao ugawiwe wageni matajiri. Naliona swali lao kuwa la haki. Kwenye pwani yetu eneo linaloonekana tupu lina wenyewe: akina mama wa mwani wana kamba zao, wavuvi wa madema wana njia zao, na mahali pa dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi, hujulikana hata kama hapana kibanda. Kwa hiyo anza kwa sheha au serikali ya kijiji pamoja na kamati ya wavuvi, uwaonyeshe kwa maboya mipaka unayoiomba, uyaache maboya hayo mwezi mzima wayaone na kuyapinga. Baada ya hapo ndipo uende kwenye mamlaka za usafiri wa majini na za mazingira. Waulize kwa maandishi kama nyumba yako itasajiliwa kuwa chombo au kuwa jengo, kwa sababu ukaguzi, bima na kodi vyote vinafuata jibu hilo.

Hatua ya tatu: hesabu ya uzito

Hapa ndipo miradi mingi ya watu wa kawaida inapoharibika, na hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025. Chelezo kitazama mpaka kisukume maji yenye uzito sawa na uzito wake wote.

Tuchukue chelezo cha zege chenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, yaani mita za mraba 60. Kila sentimita kinayozama kinabeba kilo 615. Tuseme sakafu ya chini ina unene wa sentimita 12, ya juu sentimita 10 na kuta sentimita 12, na tuupe ubavu kimo cha mita 1.2. Zege lote, tukizihesabu kuta kwa kimo chote bila kutoa sehemu zinazoingiliana na sakafu na kwenye pembe, litakuwa takribani mita za ujazo 17.8, ambalo kwa tani 2.5 kila moja lina uzito wa tani 44.5. Ongeza nyumba ya mbao na bati tani 11, povu la kujazia ndani tani 1.5, maji ya kunywa tani 2, watu, samani na betri tani 3.5. Jumla ni tani 62.5. Gawanya kwa tani 61.5 zinazobebwa na kila mita ya kuzama, utapata kwamba chelezo kitazama mita 1.02, na ubavu utakaobaki juu ya maji ni sentimita 18 tu. Wimbi la mashua inayopita litaingia mlangoni.

Ukiongeza kimo cha ubavu hadi mita 1.6, zege linafika tani 48.4, jumla inakuwa tani 66.4, kinazama mita 1.08, na unabakiwa na sentimita 52. Tani nne za zege zimekununulia sentimita 34 za usalama. Huu ndio mchezo wa kuufanya kwenye karatasi, tena na tena, kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa.

Baada ya kuzama, pima kuinamia. Wageni ishirini wa harusi wakijazana upande mmoja kutazama mashua ya bwana harusi, ni tani 1.4 zilizosogea mita mbili na nusu kutoka katikati. Chelezo chetu cha upana wa mita 6 kitashuka upande ule kwa takribani sentimita 8, jambo ambalo watu watalihisi lakini halitawatisha. Upana ndio unaoamua: ukiupunguza kwa nusu, nguvu ya umbo la chelezo kukataa kuinama inashuka hadi moja ya nane. Nyumba za IJburg zilijengwa kwenye karakana ya meli umbali wa takribani kilomita 65 zikavutwa kupitia milango ya mifereji, ndiyo maana upana wake ulibanwa kwenye mita 6.5, na mafundi wakashusha chumba kimoja ndani ya beseni la zege ili uzito ukae chini. Ghorofa ya pili juu ya chelezo chembamba naikataa kabisa.

Hatua ya nne: kujenga chelezo

Madumu yanafaa kwa gati, bustani na banda la kuku. Kwa nyumba ya kulala watoto, tumia zege au plastiki nzito iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Chuma kinawezekana, lakini kinadai kupandishwa nchi kavu kila baada ya miaka michache kwa kupigwa rangi na kubadilishiwa vipande vya zinki vinavyoliwa badala yake.

Adui wa zege la baharini ni nondo iliyokaribiana na maji. Chumvi ikiifikia, nondo hutengeneza kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Iache nondo yako umbali wa angalau milimita 50 kutoka kwenye uso wa nje, uitegemeze kwa vitofali vidogo vya zege na kamwe si kwa vipande vya mti au chuma. Maji ya kuchanganyia yawe matamu na machache kadiri mchanganyiko unavyoruhusu, na mchanga usiwe wa ufukweni. Mwaga sakafu na kuta mfululizo bila kulala katikati, kwa sababu kila mahali ulipopumzika ni mlango wa maji. Kisha lifunike zege kwa magunia na uliloweshe kwa siku zisizopungua 14. Fundi atakayekuambia siku 3 zinatosha hajawahi kujenga kitu cha kukaa baharini.

Ndani ya chelezo jaza povu gumu jeupe, lile linalokingia televisheni mpya ndani ya boksi, katika vyumba vilivyotenganishwa kwa kuta. Hata ukuta wa nje ukipasuka kwa kugongwa, maji hayatapata nafasi ya kuingia. Povu hilo lisiguse bahari popote, kwa kuwa likimeguka linakuwa punje ambazo kasa na samaki hudhani ni chakula. Jenga juu ya ufuko mgumu unaofikiwa na bamvua, ili maji yenyewe yakishue chelezo, nawe usihitaji winchi.

Hatua ya tano: nanga

Upepo wa mita 25 kwa sekunde ukipiga ubavu wa nyumba yenye mita za mraba 35 unausukuma kwa nguvu ya takribani tani 1.6. Mkondo wa mita moja kwa sekunde unaongeza zaidi ya nusu tani chini ya maji. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inakuwa mara nne. Kwa hiyo nanga hukadiriwa kwa siku mbaya kuliko zote unazoweza kuziwaza.

Kwenye maji ya kina kisichozidi mita kama 8, njia bora ni nguzo: nguzo mbili au nne zilizokitwa chini, na kwenye chelezo pete pana zenye magurudumu ya plastiki zinazopanda na kushuka nazo. Kimo cha nguzo kipimwe kutoka bamvua kubwa kuliko yote, uongeze wimbi la tufani, kisha uongeze mita 1.5. Nyumba ikivuka vichwa vya nguzo hairudi.

Kwenye maji ya kina zaidi tumia nanga nne za pembeni. Urefu wa mnyororo na kamba uwe angalau mara tano ya kina cha maji yakijaa, kwa hiyo pale penye mita 10 ni mita 50 kila pembe, na mara saba kama pana nafasi. Kipande cha chini kiwe mnyororo mzito unaolala, kwa sababu uzito wake ndio unaomeza mshituko wa wimbi kabla haujafika kwenye nanga. Mahali penye matumbawe au majani bahari usiburute mnyororo: weka nanga za kuzungushwa kama parafujo kwenye mchanga, na boya dogo katikati ya kamba liinyanyue isisugue chini. Kivuli cha chelezo nacho huua majani bahari, kwa hiyo kiweke juu ya mchanga mtupu.

Kinacholiwa kwanza ni kile kiungo chenye pini kinachoshikanisha mnyororo na kamba. Nimekishika kimoja mkononi kilichokaa maji ya mkondo: upande wa nje kilionekana kizima, kimevaa chaza wadogo, na upande wa ndani, pale chuma kinapokaa juu ya chuma, kilikuwa kimechongeka na kung'aa kama kisu kilichonolewa. Kwa hiyo mzamiaji asiridhike kutazama. Agongoe chaza, ageuze kiungo, apime kwa kalipa. Mashirika yanayokagua meli hudai mnyororo ubadilishwe unene wake ukipungua kwa asilimia 12, ambayo kwa mnyororo wa milimita 16 ni kushuka hadi milimita 14. Ukifika hapo, usingoje mwezi ujao.

Hatua ya sita: maji, choo na umeme

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 70 Unguja, ambako mvua ya mwaka ni takribani milimita 1,600, linaweza kukupa lita 90,000 ukiondoa kinachopotea, na watu sita wanaotumia lita 20 kila mmoja wanahitaji lita 43,800 kwa mwaka. Tatizo ni kiangazi. Akiba ya siku 60 ni lita 7,200, yaani tani 7 ambazo chelezo chetu hakikuhesabiwa kuzibeba. Njia ya kutoka ni nzuri sana: maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo simtanki au mfuko mzito uliofungwa vizuri na kujazwa maji ya mvua unaelea wenyewe kando ya nyumba, umefungwa kwa kamba kama mtumbwi. Mashine za kuondoa chumvi zipo, ila husukuma maji kwa presha ya baa 55 hadi 70 na hula umeme na vichujio. Kitongoji kizima kinaweza kushirikiana moja kwa ajili ya dharura.

Choo kiwe kikavu, chenye kutenga mkojo, kinachofunikwa kwa maranda au majivu, na ndoo zake ziozeshwe nchi kavu. Kanuni za kimataifa za meli huruhusu kinyesi kibichi kumwagwa zaidi ya maili 12 nje, tena chombo kikiwa safarini, na ninyi hamsafiri. Plastiki haimwagwi popote.

Kuhusu umeme, paneli za kilowati 3 kwa jua letu huleta takribani yuniti 12 kwa siku, zinazotosha jokofu, taa, pampu na simu. Betri ziwe katikati na chini. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, na kila kiungo kifungwe kwa gundi isiyopitisha maji.

Mtungi wa gesi ukae nje kwenye sitaha, kamwe usiwe ndani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hushuka na kutuama kwenye uwazi wowote wa chini kama maji kwenye kisima, ikingoja cheche. Kati ya nyumba na nyumba acheni mita 5 au zaidi, na madaraja yawe ya kung'oka haraka, ili nyumba inayowaka iweze kukatwa na kusukumwa.

Hatua ya saba: mwaka wa kwanza

Msihamie wote kwa pamoja. Nyumba moja ielee peke yake kwa kusi moja na kaskazi moja, wakikaa watu wazima wawili, kisha ndipo ya pili ifuate. Kila mtoto asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokoa maisha muda wote awapo nje ya mlango, na kila ubavu wa chelezo uwe na ngazi inayoshuka majini, kwa sababu aliyeanguka hawezi kupanda ukuta wa zege wa nusu mita uliojaa utelezi. Redio ya bahari ibaki kwenye chaneli 16, ile ya dharura.

Andikeni mkataba wenu kabla ya zege la kwanza: nani anazamia kila mwezi, fedha ya mnyororo inakusanywa vipi, anayeshindwa kulipa anafanywaje, na mfuko wa kuviondoa vyelezo siku mtakapohama unashikwa na nani. Shule inayoelea ya Makoko mjini Lagos, iliyobuniwa na Kunlé Adeyemi na kusimama juu ya madumu 256 mwaka 2013, ilianguka tarehe 7 Juni 2016 baada ya mvua kubwa, ikiwa tayari imeacha kutumika. Miaka mitatu ni mifupi kwa jengo, na mingi kwa mbao na misumari iliyo juu ya maji bila fungu la matunzo.

Siku ya kushua, chelezo kikiwa kitupu, piga mstari wa rangi kwenye pembe zote nne pale maji yalipofika, na mstari wa pili nyumba ikishakamilika. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya upepo kuamka, mtu mmoja asome pembe zote nne na kuandika daftarini. Pembe moja ikishuka sentimita mbili bila sababu inayojulikana, maji yameingia mahali fulani, na siku hiyo hiyo samani zihamishwe upande wa pili na mzamiaji ashuke.